Mama Mado na Kilele Kisichokuwa na Jina

Ijumaa tarehe 27 Juni, Mama Mado Mwilambwe anastaafu. Amefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya Bel-Air, hapa Lubumbashi, na tangu zamani yeye ndiye mkuu wa chumba cha kupima dawa za kulevya. Amepima mikojo ya madereva, ya walinzi, ya wachimbaji, ya wakubwa na ya watoto wa wakubwa, na hakuna aliyewahi kumsikia akikubali kwamba mmoja wao alikuwa na akili.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu mimi, Estelle, ndiye ninayekaa mapokezi, na mapokezi husikia kila kitu. Iko sababu ya pili, ambayo maabara nzima inaijua: bila Mama Mado leo nisingekuwa mke wa Franck. Tumeoana mwezi wa Februari, na bado kila asubuhi nikiamka namtazama kama mtu aliyeletewa zawadi asiyoiagiza. Wenzangu wameniomba nisimtaje sana mume wangu katika jarida la wafanyakazi. Nitajaribu, lakini hawataniweza, maana habari kubwa kuliko zote katika kazi ya Mama Mado ilitokea ndani ya mkojo wa Franck.

Mama Mado ni mtoto wa fundi wa reli. Alisoma ufundi wa maabara mpaka diploma ya juu, akawa wa kwanza darasani, na hajawahi kuona sababu ya kulificha jambo hilo. Alianza hapa kwa kutafuta malaria katika damu. Anasema ilikuwa kazi ya heshima, kwa sababu kijidudu cha malaria hakijifanyi kitu kingine. Kisha kampuni za migodi na za malori zikaanza kutaka mikojo ya madereva wao ipimwe kabla hawajashika barabara ya Kasumbalesa, ya kwenda mpakani, na hapo akaingia katika chumba ambacho hakutoka tena.

Madereva waliojaribu kumdanganya ni wengi, na wote aliwadharau kwa kiasi kilekile, bila upendeleo. Mmoja alileta mkojo wa ndugu yake, ameuficha usiku kucha kwenye friji. Mama Mado alishika kikombe, akasikia baridi yake, akamwuliza kwa upole kama familia imekwisha arifiwa kwamba yeye ni maiti. Mwingine alikuwa amesikia habari hiyo, kwa hiyo wa kwake aliupasha moto kwenye mbabula, jiko la makaa, mpaka kikombe cha plastiki kikapinda. Huyo alipewa kiti, glasi ya maji, na maelezo marefu kuhusu homa ambayo binadamu hajawahi kuipata akabaki hai. Walikuwapo pia waliotia siki, waliotia sabuni, na bwana mmoja aliyetia soda ya machungwa, halafu akashangaa kwamba mkojo wake una povu na sukari. Mama Mado alikuwa akisema kwamba angewaheshimu kidogo kama wangejifunza kudanganya vizuri.

Lakini dharau yake kubwa aliwawekea wauza vijiti. Mnajua vijiti hivyo: unachovya katika mkojo, unangoja kidogo, mstari unatokea au hautokei, na mtu ametajwa kuwa msafi. Kijana mmoja anayeitwa Merdi alikuja hapa amevaa suti ya bluu, na mkoba umejaa vijiti, akatuambia kwamba mashine yetu kubwa ni mzee aliyechelewa kufa. Kampuni mbili zikampenda mara moja. Vijiti vya Merdi vilikuwa vya haraka, na wakubwa wanapenda jambo lolote linalokwisha kabla ya kahawa yao kupoa.

Mama Mado alimweleza Merdi, mbele yetu sote, kwamba kijiti ni polisi aliyepewa picha tano za wezi. Wezi hao watano atawakamata. Wa sita akipita mbele yake amebeba televisheni ya watu, polisi atampigia saluti. Na siku hizi wa sita ndiye aliyejaa mjini. Bangi kila mtu anaijua. Kitu ambacho vijana wanakiita shimi si bangi wala si jamaa yake. Ni unga uliotengenezwa kiwandani, ukanyunyizwa juu ya majani makavu ili uonekane kama kitu cha shambani. Kila baada ya miezi michache watengenezaji wanaubadilisha kidogo tu, wanakata mkia hapa, wanaongeza mkia pale, na picha ya zamani haifai tena. Dereva anavuta, macho yanamtoka, anaona malori mawili mahali penye moja, na kijiti kinasema ni msafi.

Mashine yetu hufanya kazi kwa namna nyingine. Inatenganisha vitu vyote vilivyomo katika mkojo, inapima uzito wa kila kimoja, na inachora mstari wenye vilele kama milima. Kila kilele ni kitu fulani. Vilele vingi vina majina katika kumbukumbu ya mashine. Lakini siku nyingine kinatokea kimoja kisicho na jina, na hapo ndipo mafundi wengi hukifumbia macho, huandika «hasi», na huenda kula. Mama Mado hakufanya hivyo hata mara moja. Wateja walitaka majibu mawili tu, hasi au chanya. Yeye akawaongezea la tatu: haijulikani bado. Kampuni zilimchukia kwa jibu hilo. Mkurugenzi mmoja alikuja mwenyewe kulalamika kwamba analipa apate kujua, si apate kuambiwa kwamba hatujui. Mama Mado akamjibu kwamba kwa bei ileile Merdi atamwambia uongo, tena na kiti cha kukalia. Mkurugenzi akaenda kwa Merdi. Baadaye alirudi, na hakutaka kusema kwa nini.

Sasa nifike kwa Franck.

Franck ni dereva wa lori la shaba. Ni mrefu, hasemi sana, na akicheka hufunika mdomo kwa mkono kama mtu anayeona haya kuwa na furaha. Nilimpenda pale pale mapokezi, siku alipoleta mkojo wake wa kazi, akanishukuru nilipompa kikombe. Katika miaka yangu ya mapokezi hakuna dereva mwingine aliyewahi kushukuru kwa kikombe.

Tulipotaka kufunga ndoa kanisani tulipaswa kupita vipimo vya wachumba kama wote: damu, seli mundu, na vile vingine mnavyovijua. Mwaka huo kamati ya familia ya parokia ilikuwa imeongeza mkojo, kwa sababu ya shimi. Shangazi yangu, tantine Marceline, alilipokea jambo hilo kwa mikono miwili. Yeye ni dada mkubwa wa marehemu baba, anakaa Kilwa, hii ya kwetu ya kando ya ziwa, anauza samaki wakavu, na kwetu bila neno lake hakuna msichana anayetoka nyumbani. Madereva hakuwapenda tangu zamani. Alisema mahari ameipokea kwa adabu, lakini mkojo atausoma kwa macho yake.

Katika mkojo wa Franck kukatokea kilele kisichokuwa na jina.

Mama Mado aliurudia mara tatu. Kilele hakikuondoka. Kwa hiyo aliandika alichoandika sikuzote, haijulikani bado, akatia sahihi, akanipa karatasi mimi mwenyewe niipige muhuri. Arusi ilikuwa karibu, vitambaa vya familia vilikuwa vimekwisha shonwa, na tantine Marceline alikuwa tayari njiani na magunia yake, anapigwa na mashimo ya ile barabara ya Kilwa. Nilimwomba Mama Mado aandike hasi. Nilimwambia Franck havuti, hanywi, na Jumapili anaimba besi. Alivua miwani akanitazama, na maneno yake ninayakumbuka yote.

«Kama minatia hasi pale juu ya weye uko mutoto yangu, kesho nitatia tena juu ya shofere mwenye ataponda batoto ku barabara. Bwana yako miye simujue. Minajua tu mukojo yake, na mukojo yake iko na kitu.»

Nilimwuliza Franck amekula nini, amekunywa nini, amevuta nini. Alijibu hakuna. Lakini alijibu huku anatazama viatu vyake, na mwanamke akimpenda mtu anajua tofauti. Tantine Marceline alifika, akasoma karatasi, akaikunja, akasema hafungishi ndoa ya mtu na kitu kisichojulikana. Tulikuwa tumekubaliana kukutana Jumapili, nyumbani kwetu Hewa Bora. Kama hadi siku hiyo kilele kingekuwa hakijaelezwa, mahari ingerudishwa.

Hapo akatokea mjomba wake Franck, tonton André, na dawa ya kila shida mfukoni. Tonton André ni mwanamume wa miwani myeusi, hata ndani ya nyumba. Alituambia tusijisumbue: kwa Merdi hasi inapatikana kabla hujamaliza chupa ya soda, na wachumba wawili wa kiume wa parokia yetu wamekwisha fanya hivyo, sasa wameoa na wananenepa. Nilikataa. Ninakaa mapokezi, najua kijiti kinaona nini. Niliutaka ukweli wa mume wangu hata kama ungeniliza, na sikutaka kuolewa kwa idhini ya kijiti. Franck akarudi kutazama viatu vyake. Viatu hivyo viliniumiza kuliko kilele chenyewe.

Nilipomsimulia Mama Mado, alisikia jambo moja katika maneno hayo ambalo sisi hatukulisikia: wachumba wawili. Wote wawili walikuwa wamepimwa hapa kwanza, wakapewa jibu lilelile la tatu, ndipo wakakimbilia kwa Merdi. Alirudi katika kumbukumbu ya mashine, akaifungua michoro yao, akaiweka pembeni ya mchoro wa Franck. Kilele kilikuwa kimoja. Kisha akapekua madereva wa mwaka mzima. Hakuna dereva mwingine hata mmoja aliyekuwa nacho. Kwa hiyo si kitu wanachovuta madereva. Ni kitu wanachopewa mabwana arusi. Précieux, kijana aliyefundishwa naye kazi na atakayeshika nafasi yake, anasema hapo Mama Mado alicheka peke yake mpaka akaketi.

Alimwita tonton André. Mimi nilimwona akiingia na miwani myeusi, na nilimwona akitoka ameishika mkononi. Yaliyosemwa katikati Précieux ameyasimulia mara nyingi hivi kwamba naweza kuyaandika usingizini. Tonton alianza kwa kukana. Mama Mado akamwonyesha milima mitatu iliyofanana kama mapacha. Tonton akakubali kwamba katika ukoo wao wajomba humtayarisha bwana arusi: majuma kadhaa kabla ya siku yenyewe anakoroga unga wa mizizi katika uji wake wa jioni, ili asiwaaibishe. Bwana arusi anaapa kutomwambia mwanamke yeyote, mchumba wake kwanza kabisa. Na wajomba wa siku hizi hawaendi tena porini kuchimba. Wananunua sokoni, kwa mtu mmoja mwenye mzani mdogo na mdomo mkubwa, na walikuwa wamepashana habari za huyo mtu parokia nzima.

Mama Mado akaomba unga. Tonton akauleta, na akaongeza kwa fahari kwamba ni mizizi mitupu, ya mababu. Mashine ikaupima. Mizizi haikuwamo. Ulikuwa unga wa muhogo, magome kidogo kwa ajili ya rangi, na kile kilele, kirefu kama mnara wa kanisa. Ni ndugu wa ile dawa ya wanaume inayouzwa katika farmasi, ila viwandani wamembadilisha mkia, kama wanavyofanya kwa shimi, ili anayemtafuta asimtambue. Dawa hiyo inashusha shinikizo la damu. Mmoja wa wale wachumba wawili alikuwa ameanguka mbele ya padri akiwa anavishwa pete, na kanisa zima lilimpigia makofi, likidhani ni mapenzi. Mama Mado alimwuliza tonton André ni babu yupi kati ya mababu zake aliyekuwa na kiwanda.

Basi alikuwa na jibu, na Jumapili ilikuwa inakaribia, na hakuniambia. Nilimwona anapita mapokezi, nikamfuata kwa macho kama kuku. Jibu lilikuwa la mwenye mkojo, na mwenye mkojo peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kulitoa. Alimwita Franck, akamweleza yote, akamwambia kwamba Jumapili atakuja Hewa Bora na karatasi mkobani, na karatasi haitatoka mpaka yeye Franck aseme. Akimaliza bukari yake, yaani ugali, bila Franck kufungua mdomo, atashukuru kwa chakula na kwenda nyumbani kwake.

Siku hiyo sitaisahau. Tantine Marceline alikaa katika kiti cha marehemu baba. Tonton André alikaa karibu na mlango. Mama Mado alikula bukari na samaki wa Kilwa, taratibu, tonge baada ya tonge, na mkoba wake ulikuwa juu ya magoti. Sahani yake ilikuwa karibu kwisha. Tantine alimwambia Franck kwamba wanawake wa nyumba ile hawana haraka, lakini gari la kurudi Kilwa linayo, na kama anavuta kitu aseme tu ili kila mtu ashike njia yake. Mjomba wake alimtazama kwa macho ya kumkataza. Franck alisimama. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola.

«Tantine, sikuvuta kitu,» alisema. «Nilikunywa bunga ya kusaidia bwana ku arusi. Balinikataza kusema. Niliogopa Estelle atanicheka.»

Sikucheka. Nilitaka kumkumbatia mbele ya watu wote, na tonton André nilitaka kumtia ndani ya uji wake mwenyewe. Mama Mado alinawa mikono, akafungua mkoba, akaweka karatasi mezani pamoja na maelezo ya unga. Tantine alisoma mpaka mwisho kwa kidole. Kisha akainua kichwa.

«Marehemu bwana yangu pia balimupa,» alisema. «Alikunywa yote. Siku ya arusi alilala mbele ya kukata keki, na miye nilikata peke yangu. Mutoto, kwa shida ya vile ungeuliza banamuke.»

Ndivyo nilivyopata mume. Franck aliacha uji, akaleta mkojo mwingine, na safari hii Mama Mado aliandika hasi kwa herufi kubwa, kwa kuwa ilikuwa kweli. Nawaambia wasomaji wa jarida hili, hasa mabwana arusi, kwamba mume wangu hahitaji unga wa mtu yeyote. Zaidi ya hapo sisemi.

Kazi haikuishia katika furaha yangu. Mama Mado alituma mchoro na unga kwa maabara kubwa tunayoshirikiana nayo nje ya nchi, nao wakathibitisha kwamba kitu kile hakikuwa katika kumbukumbu zao. Sasa kimo. Huko kina namba ndefu isiyosemeka. Katika mashine yetu kina jina ambalo Mama Mado alilichapa kwa mkono wake: André. Kamati ya parokia ilimwalika azungumze na wachumba, na alikubali kwa sharti kwamba wajomba nao waje. Walikuja, wakakaa nyuma. Muuza unga alitoweka sokoni kwa muda, kisha akarudi na pakiti mpya yenye picha ya simba. Précieux amekwisha nunua moja. Ndani yake mna kilele kingine kisicho na jina. Merdi naye anavaa suti ya kijivu siku hizi, na wakubwa bado wanampenda.

Mama Mado haondoki kwenda kupumzika kwa watoto wake, kama tulivyodhani. Tangu ile Jumapili yeye na tantine Marceline hawapiti juma bila kupigiana simu, na kutoka mapokezi nawasikia wakiwapitia watu wote wa Lubumbashi na wa Kilwa, mmoja mmoja, bila kumsamehe hata mmoja. Tantine amempatia kiwanja karibu na ziwa. Atajenga chumba kidogo cha kupimia malaria. Franck ndiye atakayempeleka Jumamosi, pamoja na kabati lake, mitungi yake na redio. Tulidhani ni jambo la kifamilia na halihitaji maneno. Mama Mado ametujulisha kwamba hapandi gari la dereva ambaye hajapimwa, awe mume wa nani. Franck alikojoa jana.

Mama Mado, kwa niaba ya maabara nzima, asante kwa kutudharau sote kwa haki. Asante kwa kutoniandikia nilichokuomba. Nenda salama, mvua ikuachie barabara, samaki wawe wengi, na wagonjwa wako wa huko waje na malaria ya kweli. Siku zako zilizobaki ziwe ndefu na tamu, nasi huku tutaendelea kukuogopa.

Estelle, mapokezi
(mke wa Franck)